Dar hadi Lusaka kwa pikipiki ya 150cc, peke yako, bajeti ya kuungaunga: tupeane uzoefu

Wakuu, njia ni kilomita 1,900 na ushee: Morogoro, Iringa, Makambako, Mbeya, Tunduma, kisha Nakonde mpaka Lusaka. Chombo ni Boxer au TVS, hakuna gari la kusindikiza. Wekeni vitu vya kushikika: makaratasi, vipuri, mafuta, mzigo. "Jiamini tu mkuu" tumeshaisikia.

Kadi Mkononi
Kadi ya pikipiki iwe halisi, si kopi, na jina lilingane na la pasipoti. Chombo kikiwa cha mtu mwingine, beba barua ya mwenyewe iliyogongwa muhuri na wakili. Bima ya ndani inaishia Tunduma, kwa hiyo mwambie wakala akukatie na Kadi ya Njano ya COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika). Tanzania si mwanachama wa COMESA lakini kwenye mpango huo wa bima imo. Chanjo ya homa ya manjano choma angalau siku 10 kabla, na cheti chake kinadumu maisha. Mpakani kuna kazi mbili: muhuri wako, na kibali cha muda cha pikipiki. Watu husahau hicho cha pili, na ukirudi lazima ukifunge. Kila ada, dai stakabadhi.

Fundi Spoku
Kosa kubwa ni kufunga vipuri vipya usiku wa kuondoka. Mnyororo mpya hulegea na kebo mpya hutanuka, hivyo funga mapema, tembea kilomita 300, kaza upya, ndipo uanze safari. Mnyororo ukibadilishwa, badilisha na sproketi zote mbili, maana meno yaliyochongoka kama ndoano yanaula mpya ndani ya wiki chache. Klipu ya kiungo: upande uliofungwa uelekee mnyororo unakoenda. Ukiigeuza, jiwe moja tu linaing'oa.

Kebo ya klachi ya akiba usiiweke kwenye begi. Ilaze sambamba na ile inayofanya kazi, funga kwa vibana vya plastiki, ncha zake zivishe nailoni. Ya kwanza ikikatika porini, unahamisha ncha mbili tu bila kufungua tangi.

Kama rimu zako zote mbili ni za 17, tyubu moja ya 3.00-17 inaokoa mbele na nyuma. Beba vyuma viwili vya kutolea tairi, viraka, pampu, plagi. Tairi likikataa kutoka, kanyaga upande wa pili ukingo wake uzame kwenye mfereji wa rimu. Anayelazimisha kwa chuma kirefu huibana tyubu na kuitoboa upya.

Dumu la Njano
Masanduku ya dukani ya nini? Madumu mawili ya lita 20, kata mlango ubavuni, yafunge kwa boliti na washa pana kwenye fremu ya chuma. Vizito viwe chini na mbele. Ukirundika mkiani, nyuma ya taa ya nyuma, usukani unakuwa mwepesi na pikipiki inayumba lori likikupita. Nati za keria kagua kila jioni.

Mgeni wa Lami
Mafuta ya akiba nibebe lita ngapi?

Fundi Spoku
Sifuri. Ikiwa na mzigo hesabu kilomita 40 kwa lita, tangi la lita 11 linakupa zaidi ya 400. Jaza ukifika nusu, hasa kabla ya kutoka Mpika, upande wa Zambia. Petroli kwenye dumu mgongoni ni moto unaosubiri. Hiyo nafasi weka oili 20W-50, lita moja. Injini ya 150 ikikimbizwa kutwa hunywa oili, kwa hiyo pima kila asubuhi pikipiki ikiwa imesimama wima, na mwendo usizidi kilomita 75 kwa saa.

Kadi Mkononi
Na Mikumi pita mchana, tembo hawana taa. Juni na Julai, Mafinga hadi Makambako ni baridi ya kung'ata: magazeti mawili chini ya jaketi, kifuani, yanakata upepo kuliko sweta.

Mgeni wa Lami
Na mikono?

Dumu la Njano
Glavu za kuoshea vyombo juu ya glavu za pamba. Chukua saizi kubwa, zikibana vidole vinakufa ganzi.