Naomba ushauri: turubai la gari la kuvuta la jeshi, mabaka yapite juu yake au yaishie kwenye bati?

Kebini_Wazi:

Wakuu, habari za wakati huu. Nimekwama, nahitaji macho ya watu waliozoea magari ya jeshi ya Vita ya Pili ya Dunia.

Ninaunganisha modeli ya Diamond T 969 kwa kipimo cha 1/35. Kwa asiyeifahamu, ni lori la Kimarekani la tani 4, matairi ya mbele na ya nyuma yote yanasukuma, injini ni Hercules RXC, na mgongoni limebeba mtambo wa kampuni ya Holmes wenye bumu (mikono ya kunyanyulia) mbili zilizosimama pamoja, kila moja na winchi yake. Kazi yake ilikuwa kuwafuata wenzake waliopinduka, waliozama kwenye tope au waliokufa injini. Waingereza waliyapata kupitia Lend-Lease, mpango wa Marekani wa kuwaazima Washirika zana za vita, na langu nataka liwe la kwao, Normandy, Ufaransa, kiangazi cha 1944. Ni lile toleo la baadaye lenye kebini wazi: hakuna paa la bati, ni turubai tu juu ya dereva.

Rangi ya chini ni kijani-zeituni ya kiwandani, isiyong'aa. Juu yake nataka mabaka meusi. Kwenye boneti, mapajani mwa matairi na kwenye visanduku vya zana sina shida. Nikifika kwenye turubai mkono unasita. Je, askari alipaka rangi kitambaa ambacho kesho atakikunja? Au mabaka yalikatikia kwenye ukingo wa bati, turubai likabaki na rangi yake ya kaki? Nimeshapaka nikafuta mara mbili, na nikifuta mara ya tatu nitaanza kupoteza vichwa vya ribiti.

Naomba msinijibu "paka unavyopenda". Lori hili lilikwenda kuchukua waliokwama huku wengine wakisonga mbele. Walioliendesha walijua kabisa kwamba wakisimama na kunyanyua bumu wanaonekana kutoka mbali. Nataka mtu akiliangalia aone kwamba walijificha kwa akili.

MafutaNaGrisi:

Mkuu, acha turubai wazi. Picha nyingi za wakati ule ninazozikumbuka, turubai ni jepesi kuliko mwili wa gari, limefifia kabisa. Paka kaki, weka vumbi, endelea na maisha.

Mshona_Turubai:

Kaka Kebini_Wazi, mimi si mtu wa modeli. Nashona maturubai ya malori ya kale ya jeshi, yale makubwa ya kweli, kwa watu wanaoyafufua. Kwa hiyo nitasema ninachokijua kwa vidole.

Turubai la jeshi la wakati ule ni pamba nzito iliyofumwa kwa kubana, kisha ikatiwa dawa ya kuzuia maji na kuoza. Rangi ya kiwandani ipo ndani ya kitambaa chenyewe, kwa hiyo hufifia na haibanduki. Ukipaka rangi juu yake, hiyo ya pili hukaa juu ya uzi kama ngozi, na hapo ndipo tabia inabadilika. Kitambaa kinakuwa kigumu, na kila kinapokunjwa, rangi hupasuka kwenye mkunjo. Turubai lililopakwa rangi likakunjwa na kufunguliwa kwa miezi kadhaa lina mistari myembamba ya kaki inayochungulia katikati ya weusi, na mistari hiyo hurudi palepale, kwa sababu kitambaa kikishazoea mkunjo hakiusahau.

Na ndiyo, walipaka. Nimeshawahi kushika kitambaa cha zamani ambacho upande wa nje ulikuwa na rangi ngumu na upande wa ndani ulikuwa laini, kaki safi. Wazo kwamba hakuna mtu anayepaka kitambaa linatoka kwetu sisi tunaothamini turubai. Kwao lilikuwa sehemu ya gari kama mlango.

Jambo moja usilisahau: sehemu zinazosuguliwa. Palipolalia kwenye tao la chuma, kwenye kona, na pale kamba au mkanda unapobana, rangi ilikwisha kwanza.

Mchora_Vivuli:

Mshona_Turubai amekueleza kitambaa. Mimi nikueleze kwa nini mabaka hayawezi kuishia kwenye bati.

Kosa linalotupata wengi ni kudhani mabaka yaliwekwa ili gari lifanane na majani. Mabaka yaliwekwa ili kuvunja umbo. Jicho la mpelelezi, hasa la angani, linatafuta pembe nne, mstari ulionyooka na kivuli chake. Paa la turubai ndiyo pembe nne kubwa kuliko zote kwenye lori. Ukipaka boneti mabaka mazuri halafu ukaacha paa lote rangi moja, umemwonyesha rubani kisanduku kilekile ulichotaka kukificha.

Kuna jambo la mwanga pia. Jua linapiga kutoka juu, kwa hiyo juu ya kitu kunang'aa na chini kunakuwa giza. Ndiyo maana swala ana mgongo uliokolea na tumbo jeupe: rangi inapingana na mwanga, mwili unaonekana bapa. Mchoraji wa Marekani Abbott Thayer aliliandikia jambo hili mwaka 1896, na katika vita hivi mtaalamu wa wanyama wa Uingereza, Hugh Cott, alilifundisha jeshini. Waingereza walilitia kwenye kijitabu chao cha mafunzo namba 46, sehemu ya 4A, mwaka 1941. Kanuni yake ni rahisi kuikumbuka ukiwa na brashi mkononi: rangi nyeusi inatawala juu, kisha inashuka ubavuni kwa ndimi zisizolingana. Michoro yake inapitisha weusi mwili mzima wa lori, turubai likiwemo. Mtindo wa mabaka ya mviringo, ambao watu wa modeli wanauita Mickey Mouse kwa kuwa unafanana na masikio ya yule panya wa katuni, ulizaliwa kutokana na kanuni hiyohiyo.

Kwa hiyo paa lako ndilo linalostahili weusi mwingi zaidi. Anza kwenye turubai, ushuke nao hadi kwenye bati. Ulikuwa unaanza upande usiofaa.

Kebini_Wazi:

Mchora_Vivuli, hapo kwenye kuanzia juu umenifungua macho. Nilikuwa napaka kutoka boneti kwenda nyuma, ndiyo maana nilikuwa nafika kwenye turubai nikiwa nimeshakwama.

Ila nina hofu ya tarehe. Nimesikia kufikia 1944 Waingereza walikuwa wameacha mabaka.

Mchora_Vivuli:

Hofu yako ni ya haki, kwa sababu rangi zao zilibadilika karibu kila mwaka. Mwanzoni mwa vita ilikuwa kijani cha kaki namba 3 na mabaka ya kijani cheusi. Baadaye madini ya kutengenezea kijani yakawa adimu, na kuanzia 1942 rangi ya msingi ikawa kahawia, SCC 2 (SCC ni namba za orodha ya rangi za kujifichia za Waingereza), pamoja na mabaka ya kahawia nyeusi sana au ya SCC 14, nyeusi yenye ubluu. Aprili 1944 ndipo ikaja amri ya SCC 15, kijani-zeituni cha Kiingereza, ili magari yao yaende na yale yanayotoka Marekani bila kupakwa upya. Kuanzia hapo rangi moja bila mabaka ndiyo ikawa kawaida.

Lakini amri ya Aprili haikulifikia kila lori kabla ya tarehe 6 Juni, siku Washirika walipotua Normandy. Gari lililokwisha kupakwa liliachwa hivyohivyo hadi zamu yake ifike. Lako lilitoka kiwandani likiwa kijani-zeituni cha Kimarekani, na kikosi kilichopokea gari kama hilo kabla ya amri kilikuwa na njia fupi: acha kijani, ongeza SCC 14 juu. Hivyo lori lako lina uhalali wote. Ungeniambia ni la majira ya baridi ya mwisho wa 1944 ningekushauri uachane na mabaka.

Angalizo moja: usichanganye na Italia. Huko, kuanzia 1943, walitumia rangi ya tope hafifu pamoja na weusi huohuo. Ni nzuri sana machoni, ila haitakwenda na Normandy yako.

MafutaNaGrisi:

Nimesoma, na nakubali nilijibu haraka. Nimerudi kuzitazama zile picha. Paa linaonekana jepesi kwa sababu ni bapa na limetazama mbingu, tena limejaa vumbi, siyo lazima kwa sababu halikupakwa. Kwenye picha moja, ukikaza macho, weusi unaonekana ubavuni mwa turubai na unapotelea juu. Samahani kwa kukupoteza, Kebini_Wazi.

NdoanoYaNyuma:

Wakuu, mnazungumzia paa na mmesahau kioo cha mbele. Rangi yoyote utakayopaka, kioo kikiwaka juani mara moja tu, kazi yote imekwisha. Magari ya kebini wazi yalisaidia hapo kwa sababu kioo kingeweza kulazwa au kufunikwa kwa kitambaa. Kwenye modeli yako nakushauri ufunike kioo kwa kipande cha turubai kilichofungwa kamba. Taa za mbele nazo.

Na bumu. Hakuna mabaka yanayoficha bumu iliyonyanyuliwa, kwa hiyo zishushe, uzitandazie wavu uliofungwa vitambaa, na uhakikishe wavu haufuati umbo la bumu. Uvutwe mbali na gari pembeni, hadi chini, kivuli kife. Wavu uliobana gari kama shuka la kitandani haufichi chochote.

Halafu kuna nyota nyeupe ya Washirika. Iliwekwa juu ili ndege zao zisiwapige wenyewe. Kwa kuwa paa lako ni turubai, iweke kwenye boneti, na wavu usiifunike. Katika kiangazi kile ndege nyingi zilizokuwa juu ya Normandy zilikuwa za Washirika, kwa hiyo dereva alikuwa na haja mbili zinazopingana, kufichwa na kutambulika. Wengine walitandaza boneti kitambaa cha rangi kali kinachoonekana kutoka angani. Ukikiweka kimekunjwa nyuma ya kiti, anayejua ataelewa.

Bi_Gundi:

Kwa upande wa mikono, Kebini_Wazi: usitumie lile turubai la plastiki lililokuja na modeli. Piga hesabu. Kitambaa cha unene wa milimita 1 kwa kipimo cha 1/35 hakifiki hata milimita 0.03. Plastiki yake itaonekana kama godoro.

Chukua tishu laini, tenganisha tabaka zake ubaki na moja. Ilaze juu ya matao ya kebini, kisha uilowanishe kwa gundi nyeupe uliyoizimua kwa maji, kwa brashi laini, bila kuivuta. Ilegee kidogo kati ya tao na tao, kwa sababu turubai la kweli lina uzito. Ikikauka rudia mara ya pili. Mikunjo itengeneze ikiwa mbichi, na pindo ulikunje kweli, usilichore.

Kuhusu ile mipasuko aliyoieleza Mshona_Turubai, mimi ningepaka kaki kwanza turubai lote ndani na nje, niache likauke siku nzima, kisha nje nipake kijani na weusi uliochanganywa na kijivu kidogo, kwa sababu weusi juu ya kitambaa haubaki mweusi. Mwishoni pitisha ncha ya kijiti cha mbao kikavu juu ya mikunjo, taratibu. Kaki itachungulia yenyewe.

Mshona_Turubai:

Bi_Gundi amenena. Naongeza hili tu: maturubai yaliazimwa. La gari moja likichanika linavikwa la jingine lililokufa. Hapo mabaka ya turubai hayakutani na mabaka ya bati. Nimeyaona magari ambayo mstari mweusi unashuka kutoka paa, unafika ukingoni, kisha unaendelea kwenye bati ukiwa umehama upana wa kiganja.

Kebini_Wazi:

Nimepata zaidi ya nilichokiomba. Asanteni wote, na wewe MafutaNaGrisi huna deni kwangu.

Nimeamua hivi. Weusi unaanzia juu ya turubai na kushuka. Ubavu wa kulia mabaka yanakutana sawasawa na bati. Ubavu wa kushoto nitayahamisha milimita 3, ambazo kwenye gari la kweli ni kama sentimita 10, kwa kuwa nataka turubai liwe limetolewa kwenye gari jingine. Bumu chini, wavu hadi ardhini, kioo kimefunikwa, nyota wazi kwenye boneti. Ndani ya paa kaki tupu, kwani mlango wa turubai wa upande wa dereva nitauacha umefungwa nyuma kwa kamba na ndani kutaonekana.

Tishu ya kwanza nimeilaza jana usiku, tabaka moja, gundi mbili. Imelegea kidogo zaidi kati ya tao la pili na la tatu. Nilitaka kuibana, nikaiacha.

Bi_Gundi:

Hapo hapo maji ya mvua ndipo yangetuama. Weka doa la vumbi la mviringo lililokauka, jepesi, ndani ya weusi.