Nimeuziwa TV ya "Hz 120" Kariakoo, kumbe ni 60. Mwenye PS5 usitoe hela kabla hujasoma hapa

Wakuu, habari za muda huu. Naandika huku nina hasira, nikipitiliza mnivumilie. Kama humu kuna muuza TV, simtaji mtu wala duka wala kampuni, ila akijiona kwenye maelezo asijifiche.

Kwa kifupi nimepigwa. Si kupigwa kwa kuchomolewa simu kwenye daladala, hapana. Nimepigwa kweupe, mchana, na risiti nikapewa. Milioni moja na laki sita.

Nina banda la gemu Mbagala, mwaka wa sita huu. TV nne, PS4 nne, mechi moja 500, ukitaka saa nzima tunaelewana. Mambo yalikuwa yanakwenda mpaka jamaa mmoja alipofungua banda hatua chache kutoka kwangu, akaweka PS5 mbili, feni la ukutani na pazia zito la kuzuia jua. Vijana wangu wa jioni wakaanza kunisalimia kwa mbali. Nikajibana, nikapata PS5 iliyotumika, ya kutoka Dubai, nzima kabisa. Ikabaki TV. Nikasema safari hii sinunui TV ya taarifa ya habari na tamthilia, nanunua ya gemu. Nikasomasoma usiku kwenye simu, nikaingia mjini na maneno mawili kichwani: Hz 120 (kasi ya kioo kubadilisha picha) na HDMI 2.1 (toleo la tundu la kuchomekea waya wa picha).

Hayo maneno mawili ndiyo yaliyoniponza, maana wauzaji nao wanayajua.

Sijatembea hata dakika mbili winga, dalali wa mtaani, kanidaka. "Bosi wangu, unatafuta nini leo?" Nikamwambia ninachotafuta, na hapo nilikosea, nilimpa mistari yake yote. Akanipandisha ngazi mpaka duka moja, ukuta mzima TV zimewashwa, zote zinaonyesha video ileile ya samaki wa rangi na machungwa yanadondokea kwenye maji. Kila TV inang'aa kama taa za harusi. Muuzaji akaleta boksi la inchi 55. Stika ya kwanza: 120. Stika ya pili: HDMI 2.1. Nikamuuliza, na maneno yangu nayakumbuka: "Kaka, hii ni 120 kweli au ni ya kwenye karatasi?" Akagonga boksi kwa kidole: "Boksi linasema nini?"

Nikalipa.

Usiku ule nikaifunga, vijana wamejaa. Mechi ya kwanza haijafika mapumziko dogo mmoja ananiambia, "Braza, pedi yako mbovu." Nikambadilishia. Mwenzake naye: "Braza, hata hii." Mtu anabonyeza pasi, mchezaji anawaza kwanza. Anabonyeza shuti, beki ameshafika. Pedi zilikuwa mpya zote mbili. Nikaanza kutokwa jasho la aibu, maana na yule jamaa wa pazia alikuwa amepita kuchungulia.

Walipoondoka nikaingia kwenye setingi za PS5, kule kwenye skrini na video, sehemu inayokuonyesha video inayotoka muda huo. Ikasema 3840 x 2160, yaani 4K, Hz 60. Na kwenye orodha ya vitu ambavyo TV yenyewe imekiri kwamba inavikubali, 120 hakuna.

Kabla hamjaniuliza: waya ni ule uliotoka ndani ya boksi la PS5. Nimejaribu matundu yote matatu ya HDMI. Nimeingia kwenye setingi za TV nikawasha ile ya kuongeza uwezo wa tundu, ambayo TV nyingi huja imezimwa (hii iangalieni, wengine mnalaumu TV bure). Nimeipa intaneti ikajisasisha. Sitini. Nikaizima ukutani, nikasubiri, nikaiwasha. Sitini.

Asubuhi nampigia muuzaji. Akasema tatizo ni waya, njoo uchukue waya wa 2.1. Nikaenda, elfu arobaini na tano. Sitini. Nikampigia tena, akasema PS5 za Dubai zimefungwa, hazitoi 120 huku kwetu. Jamani! PS5 za Dubai! Mara ya tatu nikamfuata dukani mwenyewe, akanionyesha maandishi chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Winga aliponiona akageukia upande wa pili kama hanijui, na juzi nilikuwa bosi wake.

Sasa nieleze mchezo wenyewe ulivyo, kwa sababu nimekaa siku tatu nausoma.

Hz ni mara ngapi kioo kinabadilisha picha kwa sekunde. Kioo cha 60 hubadilisha kila baada ya milisekunde 16.7 hivi, cha 120 kila 8.3. Hilo ni umbile la kioo, halibadiliki kwa stika. Ukilitazama boksi langu vizuri, mbele ya ile 120 kuna neno dogo la kimapambo, linalohusu ulaini wa mwendo. Kila kampuni ina neno lake. Maana yake TV inapokea picha 60, halafu yenyewe inabuni nyingine za katikati ili mpira kwenye matangazo uonekane unateleza. Kwa mtazamaji haina shida. Kwa mchezaji ni sumu, na sababu yake ni nyepesi: ili TV ibuni picha ya kati ya hii na ile, lazima kwanza isubiri ile ifike. Ni kama konda asiyetaka kuondoka mpaka abiria wa mwisho apande, wewe uliyewahi unakaa tu ndani unachemka. Wewe umeshabonyeza, picha ipo njiani, TV imeishikilia.

Ndiyo kisa cha "pedi mbovu". TV ilikuwa kwenye modi ya kung'aa ya dukani na manjonjo yote yamewashwa. Katika hali hiyo kuna TV zinazochelewa hata zaidi ya milisekunde 100, yaani fremu (picha) sita za gemu la fremu 60 kwa sekunde. Golikipa ameshachupa wewe bado unaona mpigaji anavuta mguu. Nikaweka modi ya gemu, nikazima kila kitu cha ulaini, ikakaa sawa palepale. Kwa hiyo mwenye TV yoyote ile, hata ya zamani, anza na modi ya gemu kabla hujanunua pedi ya tatu.

Kuhusu HDMI 2.1 ndipo nilipochoka kabisa. Toleo la 2.0 lilitoka 2013, linapitisha hadi gigabiti 18 kwa sekunde. La 2.1 likatoka 2017, linaruhusu hadi 48. Ukisikia hivyo unadhani kilichoandikwa 2.1 kinapitisha 48, au siyo? Hapana. Mwishoni mwa 2021 ikawekwa wazi kwamba wanaosimamia leseni ya HDMI hawalitambui tena jina la 2.0, limemezwa ndani ya 2.1, na mambo yote mapya ya 2.1 ni hiari. Hiari! Hz 120 kwa 4K, hiari. VRR, ile ya kioo kufuata kasi ya gemu ili picha isikatike, ambayo PS5 iliipata Aprili 2022, nayo hiari. Mtu anatengeneza TV yenye uwezo uleule wa 2013, anabandika 2.1, na jina hilo anaruhusiwa kulitumia. Muuzaji wangu hakudanganya kwenye stika hiyo, na hilo linaniudhi kuliko angedanganya.

Kuna na hili la namba ya modeli. Mimi sikuingia kichwakichwa kama mnavyofikiri. Nilitazama video za mzungu mmoja akiisifia TV ya jina hilihili, 120 halisi, na PS5 ameichomeka tunaona. Jina lilelile, mwaka uleule. Tofauti ni herufi mbili za mwisho. Ya kwake ni ya soko la kwao, ya kwangu ya soko letu, na ndani kuna kioo kingine. Kijitabu cha kwenye boksi kimeandika 60 kwa herufi ambazo bibi yangu angehitaji miwani miwili. Nani anafungua kijitabu dukani?

Stika ya HDR, ile ya mwanga na rangi zenye nguvu zaidi, sitaiongelea sana. Inamaanisha TV inapokea mawimbi ya HDR, haimaanishi ina mwanga wa kuyaonyesha. Yangu inayapokea. Inayapokea kisha picha inakuwa na giza kama imekatika fezi moja.

Sasa sikilizeni kinachoniuma zaidi. Wateja wangu saba kwa kumi ni wa mpira, na mpira tunaoucheza pale ni fremu 60. Wa Fortnite na Call of Duty, ambazo kwenye PS5 zina 120, wako wachache, wa Jumamosi. Kwa hiyo yule kaka angeniambia ukweli, "hii ni 60, ila modi yake ya gemu haichelewi," ningeinunua! Ningeinunua kwa bei ya 60, ambayo duka la jirani TV ya aina hiyo walikuwa wananiachia kwa milioni moja na laki moja na nusu. Nimelipa laki nne na nusu kwa ajili ya stika. Na waya.

NYONGEZA, saa nne usiku.

Nimesoma majibu. Mkuu uliyeniambia "acha kulialia ungechukua OLED", yaani TV ya kioo ambacho kila nukta hujiwakia yenyewe, OLED kwa kasi haina mpinzani, sibishi. Lakini banda langu linafunguliwa saa nne asubuhi linafungwa saa nne usiku, na kona ya juu kushoto kuna ubao wa magoli uleule, rangi ileile, kila siku ya Mungu. OLED inaweza kubakiza alama ya picha isiyobadilika. Mwisho wake ningekuja kuangalia filamu na 0-0 pembeni. Ya nyumbani, ya mtu mmoja anayebadilisha magemu, chukua kwa moyo mweupe.

Aliyesema kuna TV za 60 zinazokubali 120, ni kweli zipo. Zinapunguza nusu ya mistari ya picha inayohesabiwa kutoka juu hadi chini, kutoka 2160 hadi 1080, ndipo kioo kikimbie. Picha inapungua makali lakini 120 unaipata kweli, PS5 inaiona. Ya kwangu haina hata hilo. Ingekuwa nalo nisingefungua uzi.

Anayetaka kununua TV kubwa ya 120 na spika ya kuweka chini yake, hesabu matundu. TV nyingi zenye matundu manne ni mawili tu yanayopitisha 4K kwa Hz 120, na mara nyingi moja kati ya hayo ndilo hilohilo la kuchomekea spika. Ukiwa na PS5 na Xbox Series X kwa pamoja umekwama.

Na wewe uliyeandika "hasara roho, pesa makaratasi", Mungu akubariki, nitumie hayo makaratasi.

NYONGEZA YA PILI, Ijumaa.

Kuna mdau amenishauri vizuri nikaufuata ushauri wake. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na maandishi ya "mali ikishauzwa hairudishwi" si mwisho wa habari kama ulichouziwa si ulichoambiwa. Risiti yangu ni ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, na kwa bahati nzuri pale kwenye maelezo ya bidhaa muuzaji aliandika mwenyewe: 55, 4K, 120Hz. Nimepiga picha risiti, boksi, kile kijitabu, na skrini ya PS5 ikisema 60. Nikamtumia zote nne WhatsApp na ujumbe mmoja: Jumatatu nakwenda Tume ya Ushindani, nirudishie laki nne na nusu na hela ya waya, TV nabaki nayo.

Tiki mbili za bluu zikakaa pale masaa mawili. Kisha akapiga mwenyewe, sauti laini, "kaka yangu, sisi ni ndugu, mbona umefika mbali." Hela hana, biashara ngumu. Ila ana kitu cha kunifuta machozi, nikipita nikichukue bure.

Kibati cha kutundikia TV ukutani.

TV ipo ukutani tangu siku ya kwanza. Jumatatu iko palepale. Na kama kuna anayejua duka Kariakoo wanaokuruhusu kuchomeka PS5 yako na kuangalia zile taarifa za video kabla hujatoa hela, aandike hapa, nahitaji nyingine ya Jumamosi.