Nimewasha bendi ya L, chaneli za C zimelegea: nianzie wapi kusawazisha?

Fundi_wa_Mkongo
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa wanaoshughulika na transmisheni. Nina kiungo cha faiba Dar hadi Dodoma, hopu sita (vipande vya faiba kati ya saiti na saiti), faiba ya kawaida ya G.652, na EDFA, yaani ampulifaya ya mwanga, kila saiti. Muda wote tulikuwa na chaneli 40 za bendi ya C (mawimbi ya karibu 1530 hadi 1560 nm), kila moja ikitoka na 1 dBm, bila shida. Wiki hii tumewasha chaneli 32 za bendi ya L, kuanzia 1570 hadi 1597 nm, kwa nguvu hiyohiyo.

L inasoma vizuri sana. Ila chaneli za C za mawimbi mafupi, 1530 hadi 1535 hivi, zimeshuka karibu 5 dB zikifika Dodoma, na mbili zimeanza alamu za makosa. Zilizo karibu na 1560 hazijayumba. Tumesafisha konekta, tumepiga OTDR (kipimo cha kutafuta hitilafu ndani ya faiba), faiba iko vilevile. Bosi anataka niongeze nguvu ya transponda (vifaa vinavyotuma mwanga wa kila chaneli) za hizo zilizolegea. Zimebeba wateja, sitaki kubahatisha.

Splaisi_Moro
Pole mkuu. Mimi ningeongeza 3 dB kwenye transponda nione zinapanda kiasi gani. Ni haraka na unaweza kurudisha.

DadaLambda
Splaisi, hapo sikubaliani nawe. Kama WSS ya Dar, ile swichi inayodhibiti nguvu ya kila chaneli, inajisawazisha yenyewe, itakata hizo 3 dB na hutaona tofauti. Na kama haijisawazishi, utakuwa umetibu mwanzo wa safari tu, wakati hasara inatokea kila hopu.

Fundi, faiba yako ni nzima. Hiyo ni athari ya Raman: mwanga wa mawimbi mafupi ukisafiri na wa mawimbi marefu kwenye uzi mmoja, ule mfupi humwagia ule mrefu nguvu yake. Jina linatokana na C. V. Raman, aliyegundua mtawanyiko wa mwanga wa aina hii India mwaka 1928, na leo tunaitumia athari hiyo makusudi kwenye ampulifaya za Raman, ambako pampu ya karibu 1450 nm hukuza chaneli za 1550. Kwako pampu ni wateja wako wenyewe. Mhamo huo huongezeka kadiri chaneli zinavyoachana, hadi kama THz 13, na C na L yako kwa pamoja ni THz 8 tu. Ndiyo maana 1530 inaumia kuliko zote na 1597 inanenepa.

Tofauti hiyo ya nguvu kati ya mawimbi mafupi na marefu, yaani mteremko, kwa desibeli, hufuata nguvu ya jumla ukizidisha na upana wa masafa. Umekaribia kuongeza vyote viwili mara mbili, kwa hiyo mteremko umekaribia mara nne. Ulikuwepo tangu zamani kwenye C peke yake, ila ulikuwa mdogo kiasi cha kutosumbua. Gawa 5 dB zako kwa hopu sita: kila hopu inakula chini kidogo ya 1 dB.

Fundi_wa_Mkongo
Asante sana dada, sasa naelewa kwa nini OTDR haikuonyesha kitu. Nikiongeza gaini ya ampulifaya ya mwisho tu, pale Dodoma?

Mhandisi_Nyali
Usifanye hivyo ndugu yangu. Chaneli ikishaingia ampulifaya ikiwa dhaifu, kelele inapandia juu yake, na ukiikuza mwishoni unakuza vyote viwili. Ni kama redio yenye mikwaruzo: ukipandisha sauti, mikwaruzo nayo inapanda. Rekebisha hopu kwa hopu, kuanzia Dar kwenda Dodoma. Saiti ya nyuma ikiguswa, za mbele zote hubadilika.

Kwa kuwa C na L hutenganishwa na kukuzwa kila moja kivyake, unayo nafasi nzuri. Ingia kwenye menyu ya EDFA ya C, weka tilti (mwinamo wa ukuzaji) ili 1530 itoke juu ya 1560 kwa karibu 1 dB, usome kipima masafa saiti inayofuata, ndipo usogee mbele. Jumla ya nguvu isikudanganye: inaweza kusoma sawasawa huku chaneli za pembeni zinakufa. Hatua ziwe ndogo, nusu desibeli, na usiku trafiki ikiwa chini. Na kabla ya kugusa chochote, hifadhi usomaji wa kila chaneli kila saiti.

DadaLambda
Naongezea: punguza L pia. Inapokea nguvu njiani, haina haja ya kutoka Dar na 1 dBm. Ukiishusha, C inapumua papo hapo, kwa sababu sehemu kubwa ya mhamo hutokea kilomita 20 za mwanzo wa kila hopu, mwanga ukiwa bado mkali.

Halafu usihangaike chaneli zote ziwe na kimo kimoja. Tazama OSNR, yaani nguvu ya mawimbi dhidi ya kelele, na makosa kabla ya kusahihishwa. Zikilingana hapo, mstari ukipinda kidogo kwenye skrini si tatizo.

Splaisi_Moro
Nimejifunza, dada. Swali: kadi ya ampulifaya ya L ikifa ghafla itakuwaje?

Mhandisi_Nyali
Swali la maana. L ikizimika, hakuna wa kuzinyonya, chaneli fupi za C zinaruka juu na tilti uliyoweka inazizidishia. C ikizimika, L inapoteza nguvu iliyozoea kupokea. Dawa ni kujaza nafasi zote tupu kwa mwanga wa kelele wa ASE (mwanga usiobeba data) pale mwanzoni, bendi zote mbili. Chaneli mpya ikija, inachukua nafasi ya kelele yake na faiba haihisi badiliko; chaneli ikifa, kelele inairudia. Saiti ya katikati ikipoteza ampulifaya nzima, kelele ya Dar haitasaidia mbele yake, kwa hiyo uliza muuzaji kama mfumo wenu unaweza kujaza pia kwenye saiti za kati.

Fundi_wa_Mkongo
Mfumo wetu una chanzo cha ASE Dar, hatujawahi kukiwasha. Nitaomba dirisha la usiku: kwanza L ishuke 1 dB, kisha tilti ya C hopu kwa hopu, ASE nikimaliza.

DadaLambda
ASE iwe ya kwanza, kaka. Ukisawazisha kwanza kisha ukajaza nafasi 40 na zaidi, nguvu ya jumla itapanda na mteremko utabadilika wote. Utairudia kazi yote.