Hereford na Newcastle, 1972: kwa nini bao la kusawazisha linakumbukwa kuliko bao la ushindi?

Kiungo Mkabaji, Morogoro

Ndugu zangu, naomba msaada wa wale wanaoifahamu vizuri historia ya Kombe la FA la Uingereza. Nimekuwa nikifuatilia kumbukumbu za mashabiki juu ya marudiano ya raundi ya tatu (mechi ya kurudiwa baada ya ile ya kwanza kutoka sare) yaliyochezwa tarehe 5 Februari 1972 katika uwanja wa Edgar Street, ambapo Hereford United, timu ya Southern League isiyokuwamo katika madaraja manne ya Ligi ya Soka, iliifunga Newcastle United ya Daraja la Kwanza, lililokuwa daraja la juu kabisa wakati ule, mabao 2-1 baada ya dakika za nyongeza.

Kila ninapokuta watu wakiizungumzia mechi hiyo, wanaanza na kuishia kwa Ronnie Radford na lile kombora lake la mbali. Lakini Radford alisawazisha tu. Aliyeipeleka Hereford raundi ya nne ni Ricky George, aliyetokea benchi, na jina lake wengi hulipitia juu juu au hawalitaji kabisa. Mimi nimelelewa katika soka la mtaani, ambako mfungaji wa bao la ushindi ndiye anayebebwa mabegani, kwa hiyo jambo hili linanishangaza sana. Je, ni uzuri wa bao peke yake, au kuna kitu ambacho mtu aliyezaliwa baadaye, tena mbali na Uingereza, hawezi kukiona kwa kutazama ile video ya sekunde chache?

Mkaazi wa Leicester

Ndugu, swali lako ni la msingi, na jibu lake linaanzia kwenye matope. Mvua za majira yale ya baridi ziliuharibu uwanja wa Edgar Street kiasi kwamba marudiano yaliahirishwa zaidi ya mara moja, na hatimaye yakachezwa Jumamosi ambayo timu nyingine zilikuwa tayari zinacheza raundi ya nne. Mji wa Hereford ni mdogo, uko karibu na mpaka wa Wales, na kwa muda wote huo wa kungoja hapakuwa na mazungumzo mengine sokoni wala kazini.

Nimewahi kufanya kazi karakana moja na bwana mmoja mzaliwa wa huko, ambaye siku ile alikuwa mtoto wa shule na alisimama nyuma ya goli pamoja na baba yake. Watazamaji waliohesabiwa rasmi walikuwa 14,313, lakini yeye alikuwa akisisitiza kwamba hesabu hiyo haiwahusishi waliopanda miti na wale waliokwea nguzo za taa za uwanja, ambao hata kwenye picha za televisheni wanaonekana waziwazi. Nilipomuuliza kuhusu bao la Radford, hakunieleza kwanza habari za bao. Alinieleza habari za dakika ya 82, Malcolm Macdonald alipoifungia Newcastle kwa kichwa, na namna watu wazima waliomzunguka walivyonyamaza, kwa sababu kila mmoja alijua kwamba timu ya Daraja la Kwanza ikishaongoza muda kama ule, mchezo umekwisha.

Bao la Radford lilikuja dakika tatu tu baadaye. Aliunyang'anya mpira katikati ya uwanja, akampa Brian Owen, Owen akamrudishia, na mpira ule ulipodunda kwenye tope ukamkalia vizuri mguuni. Kutoka umbali wa yadi 30 hivi akaupiga kwa nguvu ambazo kipa Willie McFaul hakuweza kuzizuia, ukaingia pembeni juu. Yule mwenzangu alisema hakuona mpira ukipita. Alichokiona ni wavu uliolowa ukitikisika na kurusha maji, kisha watoto wenzake waliovaa yale makoti yenye kofia wakamiminika uwanjani kutoka kila upande. Baba yake alimshika ukosi asiwafuate, jambo ambalo alilijutia mpaka utu uzima.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, bao la kusawazisha ndilo lililoivunja imani ya kila mtu kwamba mambo yamekwisha. Lilipoingia bao la pili, watu walikuwa wameshaanza kuamini.

Jambo la pili ni televisheni. Mechi ile ilipangwa kuonyeshwa kwa muda mfupi tu usiku katika kipindi cha Match of the Day cha BBC, na mtangazaji aliyetumwa huko alikuwa John Motson, kijana wa miaka 26 aliyekuwa bado hajajihakikishia nafasi katika kituo hicho. Matokeo yakaifanya kuwa mechi kuu ya usiku ule. Bao la Radford likachaguliwa kuwa bao bora la msimu, na tangu wakati huo, kila raundi ya tatu inapowadia mwezi Januari, picha yake hurushwa tena. Motson mwenyewe alikiri kwa miaka mingi kwamba mechi ile ndiyo iliyomjengea kazi yake. Mtoto wa Uingereza anaweza kuliona bao la Radford kila mwaka mpaka azeeke, bila kuonyeshwa hata mara moja lile la Ricky George.

Mzee wa Jukwaa la Mzunguko

Ninakubaliana na aliyenitangulia kuhusu televisheni, lakini sikubali kwamba kazi ilikuwa imeshakamilika Radford aliposawazisha. Wachezaji wa Newcastle walikuwa na nusu saa nzima ya nyongeza mbele yao, nao walikuwa watu wa soka la kulipwa wenye pumzi na uzoefu, wakati kikosi cha Hereford kilikuwa na watu wenye kazi nyingine. Radford mwenyewe alikuwa fundi seremala.

Tuitazame pia hali ya kikosi. Beki wa kulia, Roger Griffiths, alicheza sehemu kubwa ya mechi akiwa na mfupa wa mguu uliovunjika. Wakati ule timu iliruhusiwa mchezaji mmoja tu wa akiba, na huyo alikuwa Ricky George, mshambuliaji, aliyeingia mahali pa beki mchezo ulipokaribia mwisho. Katika dakika ya 103 Dudley Tyler alimpatia mpira ndani ya eneo la hatari huku akiwa ameligeuzia goli mgongo. George akageuka na kuupiga chini chini kwa utulivu, ukapita mbele ya beki wa Newcastle, Bobby Moncur, aliyejinyoosha kuuzuia, ukamshinda McFaul na kuingia upande wa mbali. Bao lile halina kishindo, ila lina akili, na katika matope yale akili ilikuwa adimu kuliko nguvu. Baada ya hapo ilibidi mabeki na kipa Fred Potter walilinde kwa muda uliosalia, na hiyo nayo ni kazi isiyoonyeshwa na mtu yeyote.

Isitoshe, wengi husahau kwamba haya yalikuwa marudiano. Tarehe 24 Januari, ugenini St James' Park, Brian Owen aliifungia Hereford kabla ya nusu dakika kutimia. Newcastle wakageuza matokeo kuwa 2-1, kisha Colin Addison, aliyekuwa mchezaji na kocha kwa wakati mmoja, akasawazisha kwa shuti la mbali. Timu iliyotoka sare ya 2-2 katika uwanja ule haikushinda kwa kudra ya kiki moja. Tangu Yeovil Town walipoiondoa Sunderland mwaka 1949, hapakuwa na timu ya nje ya Ligi iliyokuwa imeiondoa timu ya Daraja la Kwanza, na ninaona ni dhuluma kwa Tyler, Griffiths, Potter na George kuyafupisha yote hayo kuwa mguu wa mtu mmoja.

Binti wa Chumbageni

Shikamoo Mzee wa Jukwaa la Mzunguko. Nina jambo dogo la kuongeza kutoka nyumbani. Desemba 2017 Green Warriors ya Daraja la Pili iliiondoa Simba katika Kombe la Shirikisho la Azam kwa mikwaju ya penalti pale Chamazi, na Simba ndio waliokuwa wakilishikilia kombe hilo. Mwaka uliofuata Mashujaa ya Kigoma ikaifunga Simba 3-2 katika kombe hilohilo. Ukiwauliza mashabiki leo, watakutajia timu na watakutajia masikitiko au furaha yao, lakini ni wachache mno watakaokutajia wafungaji. Ninadhani tofauti ni kwamba Waingereza wameirudia picha ile kwa nusu karne. Bao lisiporudiwa, jina la mfungaji hupotea hata kama lilikuwa la ushindi.

Kiungo Mkabaji, Morogoro

Ninawashukuru sana. Habari ya mguu wa Griffiths sikuwa nayo kabisa. Naomba nimalizie kwa swali moja: baada ya hapo Hereford walifika wapi, na je, ushindi ule uliwasaidia chochote zaidi ya sifa?

Mkaazi wa Leicester

Uliwasaidia sana, ndugu. Siku nne baadaye walitoka 0-0 na West Ham pale pale Edgar Street. Marudiano yalifanyika Upton Park, uwanja wa West Ham, siku ya kazi, tena mchana, kwa sababu mgomo wa wachimbaji wa makaa ya mawe ulikuwa umesababisha mgao wa umeme na taa za uwanja hazikuweza kutumika. Hata hivyo walikuja watu 42,271. West Ham walishinda 3-1, mabao yote matatu yakiwa ya Geoff Hurst, yule yule aliyeifungia Uingereza mabao matatu katika fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 1966.

Faida kubwa ilipatikana miezi michache baadaye. Wakati ule hapakuwa na kupanda daraja moja kwa moja kuingia Ligi ya Soka. Klabu zenyewe zilipiga kura kuamua nani aingie na nani atoke. Katika kura za mwaka 1972 Hereford walichaguliwa kuchukua nafasi ya Barrow, na sidhani kama wangepata kura hizo bila Newcastle. Wakapanda msimu wao wa kwanza, na kufikia mwaka 1976 walikuwa mabingwa wa Daraja la Tatu.

Klabu ile yenyewe haipo tena, kwani ilifilisiwa mahakamani Desemba 2014 kwa sababu ya madeni. Mashabiki wakaunda Hereford FC, wakarudi katika uwanja uleule, wakapanda madaraja mara tatu mfululizo. Mei 2016 walijaa Wembley kwa fainali ya FA Vase, kombe la timu ndogo kabisa, wakafungwa 4-1 na Morpeth Town. Morpeth ni mji ulio kaskazini kidogo tu ya Newcastle, na mashabiki wa huko hawakuacha kuwakumbusha Hereford jambo hilo.