Naombeni ushauri: nataka kubadili muziki wa MX-5 ya 1991 kwa mikono yangu, nianzie wapi?

Kiti Kimoja Tupu
Wakuu, habari za muda huu.

Nina Mazda MX-5 ya 1991, kigari cha viti viwili cha paa la kukunja, ile ya taa za kuinuka, injini 1.6. Gari lenyewe sina neno nalo. Aibu iko kwenye muziki: spika mbili za milangoni na redio iliyofungwa na mmiliki aliyepita, basi. Besi hakuna, ukiongeza sauti inakuwa kama mtu anaongea ndani ya kopo. Nikikanyaga mafuta kuna mluzi unaopanda na injini. Halafu kuna kituko kingine: nikibamiza mlango wa dereva, mara nyingine redio inanyamaza yote. Naizima, naiwasha, inarudi.

Mpango wangu ni redio mpya iliyoandikwa wati 50 mara nne, spika mpya, amplifaya (kikuza sauti) ya chaneli nne na sabufa (spika ya besi) ya inchi 12 kwenye buti. Vifaa nilivyonavyo ni bisibisi, spana, na multimita ambayo hadi leo nimepimia betri tu. Kulehemu waya najua, ingawa si kwa kujivunia.

Natanguliza shukrani.

Sikio Pevu
Sabufa ya inchi 12 kwenye buti la MX-5? Tairi la akiba utalipakata?

Kiti Kimoja Tupu
Hahaha, hilo nilikuwa sijalifikiria mkuu.

Rewaya Mstaafu
Kijana, usinunue kitu bado. Umetaja matatizo matatu, na sioni hata moja ambalo redio mpya italiponya. Nenda nalo moja moja.

La mlango ndilo la haraka. Redio za siku hizi hazitumii bodi ya gari kama njia ya kurudishia umeme wa spika. Waya zote mbili za spika, posi na nega, zinasukumwa na redio yenyewe. Mmoja wowote ukigusa bati, redio inajizima kujiokoa, na isipowahi inaungua. Gari la miaka zaidi ya 30 mlango wake umefunguliwa na kufungwa mara zisizohesabika, na waya za spika zinapinda pale pale kwenye bawaba kila mara. Nahisi ganda limechanika humo ndani ya mpira unaofunika waya kwenye bawaba. Chomoa plagi ya redio, weka multimita kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme), ncha moja kwenye waya wa spika na nyingine kwenye bati safi, kisha mtu akufungulie na kukufungia mlango taratibu. Isisome chochote, mlango ukiwa wazi au umefungwa. Ikisoma, umempata mwizi.

Na kwa wengine mnaosoma: yako magari ya zamani ambayo kiwandani nega za spika ziliunganishwa pamoja au zikafungwa kwenye bodi, kwa sababu redio za enzi hizo ziliruhusu. Ukichomeka redio ya kisasa kwenye waya hizo umeichoma. Dawa ni kuvuta waya mpya mbili kwa kila spika.

Besi: spika zako mbili huenda zinasukumana. Moja ikitoka, nyingine inaingia, besi zinakufa hewani. Chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusisha kwenye waya za spika nukta moja tu. Posi kwa posi, koni (ile sehemu ya spika inayotetemeka) itoke nje. Ikiingia ndani, waya zimegeuzwa. Fanya milango yote miwili.

Mluzi: tafuta nega ya redio imefungwa wapi. Kama iko kwenye skrubu ya dashibodi, hapo ndipo penyewe. Ipeleke kwenye bati la bodi lililokwanguliwa rangi.

Mama Gia Tano
Naongezea alichosema mzee. Kabla ya kugusa waya, fungua nega ya betri. Kwenye MX-5 hiyo betri iko ndani ya buti, usihangaike na boneti. Kama redio ina namba ya siri, hakikisha unayo kabla hujakata umeme. Na kama usukani wako una mfuko wa hewa, waya zake usizipime kwa testa ya taa hata kwa kujaribu.

Bati Kavu
Mimi nasema nunua tu redio mpya mkuu, maisha mafupi. Wati 50 kwa nne ni mziki mkubwa hata bila amplifaya.

Rewaya Mstaafu
Bati Kavu, tufanye hesabu. Injini ikiwa inaunguruma gari linatoa volti 14.4 hivi. Redio isiyo na kipandisha volti ndani yake haiwezi kupita hapo. Volti 14.4 ukizigeuza kuwa mawimbi ya sauti (gawa kwa 1.41) unabaki na volti kama 10.2 za kufanya kazi. Zizidishe kwa zenyewe, gawa kwa omu 4 za spika, unapata wati 26. Hapo hatujatoa kinachopotea kwenye joto. Kwa sauti safi, redio za aina hiyo huwa chini ya 20 kwa chaneli. Ile 50 ni ya kilele cha kufumba na kufumbua, imeandikwa kwa ajili ya boksi.

Bati Kavu
Sawa mzee, nimekaa chini.

Sikio Pevu
Nirudi bila utani sasa. Kuna kitu kwenye hizi gari ndogo watu hawakisemi: spika nzuri kwenye mlango mtupu ni kazi bure. Mlango una matundu makubwa upande wa ndani. Sauti ya mgongo wa koni inapita hapo, inakutana na ya mbele, zinauana. Mimi ya kwangu nilifanya hivi: nikatoa paneli ya mlango, nikasafisha bati kwa spiriti, nikabandika shiti za buto (mpira mzito wa kunata unaozuia bati kutetemeka) kwenye bati la nje, mkabala na spika, kisha nikaziba matundu makubwa ya ndani. Pete ya sponji nikaiweka kati ya spika na paneli ili sauti isipotelee nyuma ya plastiki. Mlango wenyewe sasa unafunga kwa mlio wa gari zito, hata muziki ukiwa umezimwa.

Tahadhari mbili. Matundu madogo ya chini kabisa ya mlango usiyazibe, maji ya mvua yanayopita kando ya kioo hutokea hapo. Na nailoni iliyo nyuma ya paneli irudishe, la sivyo utakaa kwenye kiti chenye maji.

Spika za inchi 6.5 zinaingia, ila shusha kioo mpaka mwisho kabla hujanunua, upime kina kilichobaki. Spika yenye sumaku nene itagongana na kioo. Nimeona mtu amekivunja kioo kwa njia hiyo, na alikuwa anapiga mluzi wa furaha.

Vibanio vya paneli vimekauka kwa umri. Fanya kazi kukiwa na joto, na uwe na vibanio vya akiba.

Mzee wa Kaseti
Wote mnashabikia kutoa. Kama una redio yake ya asili mahali, ihifadhi, usiiuze. Dashibodi ya gari hilo ina nafasi ya redio mbili zilizopandana, milimita 180 kwa 100. Wengi wanatumbukiza skrini kubwa, na usiku inakuwa kama umeegesha televisheni kwenye gari la 1991. Mimi ningeweka redio nyembamba ya milimita 50 isiyo na madoido, chini yake kikabati cha simu. Bluetooth ikiwemo, unahitaji nini kingine?

Kiti Kimoja Tupu
Nimewasoma wakuu. Je, amplifaya nayo niache? Na nikiweka, inakaa wapi?

Mama Gia Tano
Usiache, amplifaya ndogo ndiyo itakayokufaa paa likiwa wazi, maana upepo unakula besi zote. Sabufa ya buti ndiyo ya kuacha. Buti la MX-5 limetengwa na viti kwa bati, besi itatetemesha namba ya gari nyuma huku wewe husikii kitu. Kama lazima, tafuta ile bapa yenye amplifaya yake ndani, ikae mbele, miguuni kwa abiria.

Amplifaya yenyewe iweke kwenye buti, karibu na betri. Waya wa posi utakuwa mfupi, hata mita moja haufiki. Fyuzi iwekwe pale pale karibu na betri, si kwenye amplifaya peke yake, kwa sababu fyuzi inalinda waya. Wati 50 mara nne, ikiwa ya daraja la D (aina isiyopoteza umeme mwingi kwa joto) yenye ufanisi wa asilimia 80, itavuta kama ampea 18 ukiisukuma mpaka mwisho. Waya wa milimita mraba 8 na fyuzi ya ampea 30 vinatosha. Waya za RCA (zile za kupeleka sauti kutoka kwenye redio hadi amplifaya) zipitishe mbali na waya mkubwa wa betri, au mluzi utarudi.

Na hapa nisikilize vizuri: usitoboe bati la nyuma ya viti. Tenki la mafuta liko nyuma yake. Tumia matundu ya kiwandani yenye mpira.

Mwisho, kata besi za spika za mlango chini ya hezi 80 (mitetemo 80 kwa sekunde). Zitakushukuru.

Kiti Kimoja Tupu
MREJESHO.

Jumamosi nimeshinda gereji. Sijanunua kitu isipokuwa shiti za buto.

Mzee Rewaya, ulikuwa unaona mpaka huku? Multimita ilikuwa kimya mlango ukiwa wazi, nikaufunga ikasoma omu 0.6. Nikavuta ule mpira wa kwenye bawaba, waya wa nega umemenyeka kiasi cha ukucha, shaba nje. Nimevuta waya mpya mbili hadi kwenye redio, nikalehemu, nikavalisha mpira wa kusinyaa. Spika ya kushoto ilikuwa imegeuzwa, koni iliingia ndani kama ulivyosema. Nega ya redio ilifungwa kwenye kipande cha bati la kushikia redio, tena juu ya rangi! Nimeihamisha. Mluzi haupo.

Kinachonishangaza, redio ni ile ile na spika ni zile zile za zamani, ila nimesikia gitaa la besi ambalo sikujua lipo kwenye nyimbo ninazozisikiliza kila siku.

Amplifaya nitaiweka mwezi ujao. Tairi la akiba linabaki.

Swali moja: wimbo wenye besi nzito ukipiga, kioo cha kushoto kikiwa nusu kinanguruma. Dawa yake?

Sikio Pevu
Kagua vibano vinavyoshika kioo kwa chini, na mpira wa reli yake, vitakuwa vimelegea. Mpaka hapo, kishushe chote au kipandishe chote.

Bati Kavu
Au ongeza sauti usikisikie.