Meza ya taa inaganda katikati ya shoo, ukiripoti unaambiwa ni umeme wa Mwanza

Wakuu, heshima kwenu. Mnivumilie, nina hasira tangu Jumamosi na sijalala vizuri.

Nafanya kazi ya taa za jukwaani hapa Mwanza: harusi, matamasha, mikutano ya injili. Mwaka huu nilijibana nikanunua meza ya taa ya kisasa, yaani mtambo wa kuendeshea taa zote, ya kioo cha kugusa, milioni 9 na ushee. Tangu nipakue toleo jipya la programu yake, imeshaganda mara tatu kazini. Jumamosi ilikuwa harusi Ilemela. Bibi harusi yuko mlangoni, MC ameshaita, nimewasha strobu, ule mwanga wa kumwekamweka, sekunde chache za kumpokea. Kioo kikaganda. Feda, vile vitelezo vya kupunguza mwanga, nashusha, hazisikii. Taa nazo zikishika amri ya mwisho hazina habari kama meza imekufa, kwa hiyo strobu ikaendelea kupiga tu. Mama mzima wa watu, mama wa bibi harusi, akajifunika macho kwa khanga. Nikakimbilia soketi nikachomoa kila kitu. Bibi harusi akaingia ukumbini gizani, kwa tochi za simu za wageni.

Sasa sikieni majibu ya waliotuuzia. La kwanza: "Umeme wa huko kwenu si mzuri." Meza ilikuwa kwenye UPS, betri ya akiba! Mixer ya sauti na mashine ya moshi zilikuwa kwenye laini ileile ya ukumbi, hazina UPS, na muziki haukukatika hata nukta moja. La pili: waya. Waya mbovu wa DMX, unaopeleka amri za meza kwenye taa, hufanya taa zitetemeke au zigeuke zenyewe; haugandishi kioo cha meza. Na tamineta ya omu 120, plagi ya kuzuia amri zisirudi nyuma na kuvurugana, ilikuwepo mwishoni mwa waya, niliichomeka kwa mkono wangu. La tatu: nimezidisha mzigo. Mzigo upi? Laini moja ya DMX512 inabeba chaneli 512, yaani njia za amri, ndivyo ilivyo tangu 1986. Muving hedi (taa za kichwa kinachozunguka) 12 za chaneli 16 kila moja ni 192, taa za PAR (zisizozunguka) 20 za chaneli 8 ni 160. Jumla 352. Hata laini moja haijajaa, na meza wameitangaza kwa laini nne.

Kilichonichoma zaidi ni hiki. Wanataka faili la logi, yaani rekodi ya kila kilichotokea ndani ya meza, bila hilo hawapokei ripoti. Logi yenyewe inakaa kwenye kumbukumbu ya muda, ukizima meza inafutika. Na meza ikiganda hakuna njia nyingine ya kuifufua zaidi ya kuizima! Niliwauliza nitoe wapi hilo faili. Wakarudia sentensi ileile, neno kwa neno, wakafunga ripoti yangu.

Jumapili nikakaa nayo nyumbani Pasiansi kutwa nzima, nimechomeka taa mbili tu, simu inarekodi. Ukihifadhi shoo kwenye flashi wakati efekti (mchezo wa taa unaojirudia, kama strobu) inazunguka, inaganda. Nimejaribu mara 6, imeganda 4. Ukisimamisha efekti kwanza ndipo uhifadhi, haigandi kabisa. Na Jumamosi ndivyo ilivyokuwa, meza nimeiwekea ihifadhi yenyewe kila baada ya dakika 10. Video nimewatumia. Jibu: hakuna faili la logi.

Kamati ya harusi imenikata laki nne, na sina la kuwaambia, maana jukwaani hawamjui aliyeandika programu. Wananijua mimi.

Ninachotaka ni vitu viwili: warudishe toleo la zamani tulipakue, na logi iandikwe moja kwa moja kwenye flashi. Kwa sasa zimeni kujihifadhi kabla ya shoo, hifadhini kwa mkono taa zikiwa zimetulia.

Fundi yeyote iliyemgandia, iwe Bukoba, Musoma au popote, aandike hapa: toleo gani, ulikuwa umebonyeza nini, efekti ilikuwa inazunguka au la. Mwenye video aiweke. Jumatatu nazibeba zote mpaka dukani kwao Dar.