Naomba ushauri: tuinue boma la nyumba ya walimu au tusubiri bajeti?

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mjumbe wa serikali ya kijiji. Mwaka 2021 serikali ya Tanzania ilipokopa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) na kupanga zile shilingi trilioni 1.3 za UVIKO-19, nchi nzima yalijengwa madarasa 15,000, nasi tukapata yetu. Fedha zilikuja na tarehe ya kumaliza, mafundi wa hapahapa wakalipwa, kazi ikaisha. Ila nyumba za walimu kwetu hazikuwemo, na walimu wanapanga ng'ambo ya mto usiovukika masika.

Sasa wananchi wako tayari kuchanga na kufyatua matofali tuinue boma, yaani kuta bila paa, hadi lenta, halmashauri imalizie. Hapo ndipo ninapohofia. Nimeona maboma mengi yakiliwa na mvua, na mtu aliyechanga asione paa hachangi tena. Wenzangu wengine wanataka tupitishe kwanza mkutano mkuu wa kijiji na kamati ya maendeleo ya kata, tusubiri bajeti ya Julai.

Mliofanya kazi idara ya mipango, nisaidieni: boma lililokwisha kusimama hupewa kipaumbele kweli? Na ahadi ya maandishi tuidai kwa nani, diwani au mkurugenzi wa halmashauri?